Maswali ya Wasomaji: Utafiti Uanzie Ndani ya Riwaya

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninafundisha Kiingereza kidato cha tatu katika shule ya kata wilayani Kongwa. Darasa lina wanafunzi 68 na nakala 9 tu za riwaya ya Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Muhula uliopita niliwapa kazi ya utafiti: kila mmoja aandike kurasa mbili kuhusu ukoloni nchini Kenya. Nilipokusanya madaftari nilikuta zaidi ya nusu wameandika maneno yale yale, hata makosa yale yale, kutoka kwenye kitini kimoja, na waliobaki wamenakili kitabu cha historia. Sasa mwalimu wa taaluma ananishauri niachane na utafiti, nirudi kwenye dhamira na wahusika, kwa kuwa mtihani hausubiri. Nifanye nini?
Mwalimu wa Kongwa

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usiachane na utafiti. Badilisha swali ulilowapa, kwa sababu ndilo lililowapeleka kwenye kitini. Mtoto akiambiwa aandike kuhusu ukoloni nchini Kenya, hana pa kuanzia wala pa kuishia, na kila alichonacho mkononi kimeshasema yote kwa Kiingereza kilicho bora kuliko chake. Atanakili tu, na mimi ningekuwa na miaka 16 ningenakili pia.

Swali la utafiti katika somo la fasihi linapaswa kutoka ndani ya riwaya yenyewe, mahali ambapo mwandishi amegusa jambo kisha akaendelea na safari yake bila kulieleza. Chukua jioni ile mhusika Ngotho, mzee wa Kenya, anapowasimulia wanawe habari za ardhi ya wazee wao. Anaeleza kwamba vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, yeye na wenzake walichukuliwa kwa nguvu wakatengeneze barabara na kufyeka misitu ili majeshi ya wazungu yapite, na kwamba waliporudi nyumbani wamechoka, wakitarajia ahsante, walikuta ardhi imeondoka. Maelezo hayo ni mafupi sana, na Boro, mwanawe aliyepigana vita vya pili, anakasirika kwamba baba anaendelea kumtumikia mtu aliyeichukua ardhi hiyo. Soma sehemu hiyo kwa sauti mbele ya darasa, mara mbili, kisha uwaulize: ni jambo gani hapa ambalo Ngotho hatuambii? Waandike maswali yao wenyewe. Yatakuja mengi mabovu na machache mazuri, nawe utawasaidia kuyapunguza mpaka kila kundi lina moja linaloweza kujibiwa, kwa mfano: watu waliochukuliwa kubeba mizigo na kutengeneza barabara waliacha nini nyuma yao, na walirudi kukuta nini?

Swali hilo lina bahati moja kubwa kwako wewe uliyeko Kongwa. Vita vile vilipita hapo hapo mlipo. Majeshi ya Waingereza yaliingia Dodoma mwaka 1916, na kabla na baada ya hapo pande zote mbili, Waingereza na Wajerumani, zilichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi kutoka Ugogo. Ukame ulipofuata, watu hawakuwa na akiba wala nguvu kazi, ikaja njaa kubwa ya kuanzia mwaka 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox aliiandikia makala mwaka 1990. Wanafunzi wako wanaweza kwenda kwa babu na bibi zao wakauliza walisikia nini juu ya njaa hiyo, jambo ambalo hakuna kitini kinachoweza kuwafanyia.

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu zaidi kama darasa lingekuwa langu. Hakuna mzee aliye hai leo aliyeiona njaa ile kwa macho. Anachokisimulia amekisikia kwa mama yake au kwa bibi yake. Mwanafunzi afundishwe kuandika hivyo: nani amesema, ana umri gani, alisikia kwa nani, siku gani nilimuuliza. Akishazoea kutofautisha aliyeona na aliyesikia, atakuwa amejifunza kiini cha kazi ya utafiti, na atakapokutana na kitini atajiuliza mwenyewe kimeyatoa wapi maneno yake.

Mazungumzo na wazee yafanyike kwa Kigogo au Kiswahili, na maneno yao yaandikwe kwanza jinsi yalivyotamkwa. Najua wapo walimu wanaoogopa kwamba lugha hizo zitakiharibu Kiingereza. Mimi naamini kinyume chake. Somo bora la Kiingereza utakalowahi kufundisha ni pale darasa zima litakapoketi kutafuta namna ya kuyahamisha maneno ya bibi mmoja wa Mlali kwenda katika lugha ya mtihani. Neno mtunya, ambalo Maddox amelifasiri kwa maana ya kunyang'anyana, je, waliache kama lilivyo na kulieleza, au walibadilishe? Watabishana juu ya nyakati za vitenzi, juu ya kama bibi alisema watu walikufa au waliisha, na mabishano hayo yatawapa sarufi iliyo hai kuliko kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Kuhusu nakala 9: gawa darasa makundi 9. Kila mwanafunzi awe na daftari ambalo ukurasa wa kushoto ananukuu kwa mkono sentensi chache za riwaya pamoja na namba ya ukurasa, na ukurasa wa kulia anaeleza kwa maneno yake sentensi hizo zimemwambia nini. Mwanafunzi anayesitasita kwenye ukurasa wa kulia hajaelewa alichonukuu, nawe utamwona mapema kabla hajakimbilia kunakili.

Insha yenyewe isizidi ukurasa mmoja na nusu, na iwe na sharti moja ambalo halina msamaha: aya ya mwisho irudi kwa Ngotho. Baada ya kujua yaliyowapata wapagazi na watu wa Ugogo, unamwonaje sasa mzee huyu anayekubali kulima shamba la mlowezi Mzungu, Howlands, katika ardhi ya baba zake? Utafiti usiporudi kwenye riwaya unabaki somo la historia lililoandikwa kwa Kiingereza kibovu. Usisahihishe insha zote 68 neno kwa neno. Sahihisha aya hiyo ya mwisho kwa makini, na nyingine wabadilishane wao kwa wao.

Mwalimu wa taaluma ana hoja, mtihani upo. Lakini maswali ya fasihi katika mtihani wa kidato cha nne humtaka mtahiniwa athibitishe hoja kwa mifano kutoka katika vitabu alivyosoma, na hilo ndilo zoezi la madaftari yale. Mwombe wiki 4 za vipindi viwili viwili, umwonyeshe aya za mwisho.

SWALI: Ninasoma kidato cha tano, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), hapa Mpwapwa. Je, katika insha ya historia ninaweza kuitumia riwaya ya Weep Not, Child kama ushahidi wa yaliyotokea wakati wa hali ya hatari nchini Kenya?
Mwanafunzi, Mpwapwa

JIBU: Unaweza, lakini ujue ni ushahidi wa jambo gani. Hali ya hatari ilitangazwa na serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau tarehe 20 Oktoba 1952. Tarehe hiyo itafute katika vitabu vya historia, usiisomee kwa Njoroge, mhusika mkuu wa riwaya. Mwandishi, Ngũgĩ wa Thiong'o, alizaliwa mwaka 1938, kwa hiyo miaka ile alikuwa kijana wa shule kama mhusika wake, na riwaya ilichapishwa mwaka 1964, Kenya ikiwa imeshapata uhuru. Kwa hiyo inakuonyesha jinsi mtu aliyekulia ndani ya mambo hayo alivyoyatazama akishakuwa mtu mzima, jambo ambalo taarifa ya gavana haiwezi kukupa. Usiandike kwamba Jacobo alifanya hivi au vile kana kwamba aliishi. Andika kwamba mwandishi anamchora Jacobo akinufaika kwa kuwatumikia wakoloni, kisha utafute katika vyanzo vya historia kama walikuwapo watu wa namna hiyo, na uweke vyote viwili katika aya moja, kila kimoja kikiwa na mahali kilipotoka.