Mwanangu anadaiwa na hospitali Marekani: niuze mikarafuu?

SWALI: Assalaamu alaykum Bibi. Mimi ni mkulima wa Wete, Pemba. Kijana wangu alipata bahati nasibu ya viza akenda Marekani, na huu ni mwaka wa pili yuko Texas, anapeleka vyakula majumbani kwa gari. Novemba alishikwa na tumbo usiku, akapasuliwa kidole tumbo. Kapona, alhamdulillahi, lakini amenitumia picha ya bili kwenye simu: dola 31,000 na ushei. Bima hana. Jirani yangu ana mtoto Ohio, ameshakuwa raia, kazi zake za kubahatisha kama za wangu, naye kapasuliwa goti hajalipa hata senti. Barazani wanasema mwanangu kafanyiwa hivyo kwa rangi yake. Wengine wanasema ni Trump. Nina shamba la mikarafuu nililorithi kwa baba. Niliuze? Na nchi tajiri kama ile, mambo haya yanatoka wapi?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Shamba usiuze. Nitakwambia kijana afanye nini, lakini kwanza ujue kilichomkuta, maana mtu akijua anadai haki haombi kwa kunong'ona.

Mtoto wa jirani na wako wote ni weusi, kwa hiyo rangi peke yake haielezi tofauti yao. Kinachowatenganisha ni jimbo, na karatasi za ukaazi. Marekani wana bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, inaitwa Medicaid. Sheria aliyotia saini Obama mwaka 2010 ilitaka kila mtu mzima ambaye kipato chake hakizidi asilimia 138 ya kiwango cha umaskini aingizwe humo, hata kama hana mtoto wala ulemavu. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba majimbo hayawezi kulazimishwa. Majimbo 40 yamekubali. Texas imekataa hadi leo. Ohio ilikubali chini ya gavana wa chama cha Republican, ambacho ndicho chama cha Trump, John Kasich, kwa hiyo usidhani kila wa chama kile ana msimamo mmoja.

Na hata angekuwa Ohio, wako angekwama. Sheria ya mwaka 1996 inawataka wengi wa wenye green card, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, wasubiri miaka mitano kabla ya kupata Medicaid. Mwenzake ameshavuka, ni raia.

Hata hivyo, watu wa barazani kwenu hawakukosea kabisa, na hapa nataka tukae kidogo, maana rangi iliwahi kuamua nani atibiwe wapi. Mwaka 1946 serikali ya Marekani ilianza kutoa fedha za kujenga hospitali nchi nzima, na sheria yenyewe ikaruhusu wazungu wawe na zao na weusi zao, mradi isemwe kwamba ni sawa. Huko Greensboro, North Carolina, kulikuwa na daktari wa meno mweusi, George Simkins. Alikuwa na mgonjwa taya limevimba kwa jino, ana homa, na hospitali ya weusi imejaa. Hospitali nyingine mbili za mji zilikuwa zimejengwa kwa msaada wa fedha hizo za umma, za kodi yake yeye pia, na hakuwa na ruhusa ya kumtibia mtu ndani yake. Mwaka 1962 yeye na madaktari wenzake na wagonjwa wakazishtaki. Mwaka 1963 mahakama ya rufaa ikawapa haki.

Mwaka uliofuata ikapita Sheria ya Haki za Kiraia, iliyokataza ubaguzi wa rangi popote penye fedha za serikali kuu. Kisha ikaja Medicare, bima ya wazee, aliyoitia saini Rais Lyndon Johnson tarehe 30 Julai 1965. Serikali ikaziambia hospitali: mkitaka fedha hizi, watu walazwe pamoja. Wakaguzi wakapita wodi kwa wodi wakiangalia nani kalala wapi. Hospitali zilizokuwa zimeng'ang'ania ubaguzi miaka na miaka zikaulegeza ndani ya miezi michache, kwa sababu Medicare ilianza kulipa Julai 1966 na hakuna aliyetaka kuikosa. Mimi nimefanya uuguzi maisha yangu yote ya kazi, na kisa hiki hunigusa kila ninapokisimulia: watu wenye kanzu nyeupe kama yangu ndio waliokwenda mahakamani kwa ajili ya mgonjwa mmoja mwenye jino.

Sasa la Trump. Bili ya mwanao haikutokana na yeye, maana kukataa kwa Texas ni kwa zamani. Anayepaswa kuangalia ni mtoto wa jirani. Tarehe 4 Julai 2025 Trump alitia saini sheria inayotaka watu wazima walioingia Medicaid kwa mlango ule wa 2010 wathibitishe saa 80 za kazi, masomo au kujitolea kila mwezi, wasiposamehewa kwa ugonjwa au kulea watoto wadogo. Itaanza kufikia Januari 2027. Wanaoitetea wanasema mwenye nguvu asikae akala jasho la mwenzake, na hilo ni neno ambalo hata kwetu lina wenyewe. Lakini Arkansas walijaribu mwaka 2018: watu zaidi ya 18,000 wakatolewa, ajira haikuongezeka, na jaji akasimamisha mpango mwaka 2019. Wengi waliotolewa walikuwa wakifanya kazi. Walishindwa kuthibitisha tu. Naliamini hilo bila shida. Nimeona kwa macho yangu mama na mtoto anayechemka homa wakirudishwa dirishani kwa kukosa kikaratasi, na yule mtoto hakupoa kwa sababu ya kikaratasi.

Haya, kijana wako. Walimpasua bila ya kumuuliza bima kwa sababu sheria ya 1986 inailazimisha hospitali yenye chumba cha dharura kumtazama na kumtuliza kila anayeingia mahututi. Deni ndilo linalobaki. Aulize kwanza: hospitali hii ni ya biashara au ya hisani? Kama ni ya hisani, sheria ya 2010 inaitaka iwe na mpango wa maandishi wa kuwapunguzia au kuwasamehe wenye kipato kidogo, na ana siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba. Aombe fomu hiyo kwa jina lake, apeleke na vielelezo vya mapato. Kama ni ya biashara, bado aombe punguzo. Kote kuwili adai bili iliyochambuliwa kitu kimoja kimoja, maana makosa huwamo. Asikubali kuihamishia kwenye kadi ya mkopo ya matibabu watakayompa mezani. Akifanya hivyo, deni la hospitali limegeuka deni la benki, lenye riba.

Na bima atafute. Dirisha la soko la bima, pale serikali inapowawezesha watu kujinunulia bima kwa ruzuku, hufunguliwa tarehe 1 Novemba. Ruzuku ya ziada iliachwa ikaisha mwisho wa 2025, bei zimepanda, lakini ile ya asili ipo, na mwenye green card aliyevuka kiwango cha umaskini anaistahiki.

Akishajibiwa na hospitali, niandikie tena, pamoja na picha ya barua.