Kumpima Urefu Mgonjwa Asiyeweza Kusimama

Mama alipopata kiharusi, upande wake wa kushoto ulilegea, hata kusimama akawa hawezi. Mtaalamu wa lishe alitaka uzito na urefu. Uzito tuliupata kwenye mizani ya kiti. Urefu ndio ulionitoa jasho.

Nilishasikia kwamba unyayo wa mtu ni kama asilimia 15 ya kimo chake. Nikachukua tepu ya fundi cherehani, nikapima mguu uliokuwa karibu nami: sentimita 24.5. Nikagawanya kwa 0.15, nikapata 163. Kwa kilo zake 45, BMI, yaani kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ikatoka 16.9: amekonda kupita kiasi. Siku mbili nzima nikawa namhimiza uji, naye anageuza uso ukutani. "Mwanangu, nimeshiba," ananiambia, nami simsikii.

Kumbe nilipima mguu wa kushoto, nao ulikuwa umevimba. Ukiubonyeza kwa kidole gumba, kishimo kinabaki.

Kwa hiyo pima upande mzima, usio na ganzi wala uvimbe. Unyayo uwe kipimo cha mwisho ukikosa vingine. Anza na mkono. Wazee wetu walipimia nguo na kamba kwa shubiri, dhiraa na pima, na pima ni upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, unaokaribiana sana na kimo cha mtu. Mkono mmoja ukiwa umepooza, nusu yake inatosha. Nyoosha mkono mzima usawa wa bega, pima kuanzia kishimo kilicho chini ya koo hadi pale kidole cha kati na cha pete vinapoachana. Kwa mwanamke zidisha kwa 1.35, kisha ongeza 60.1. Kwa mwanamume zidisha kwa 1.40, ongeza 57.8. Mama alikuwa na sentimita 70, ikaja 154.6.

Mgongo wa mzee hupinda na kufupika, lakini mifupa ya mkono haifupiki, hivyo mkono huelekea kukupa kimo chake cha ujanani. Ndiyo maana kwa aliyevuka miaka 60 napenda zaidi goti, kwa sababu hesabu yake inaingiza umri. Kunja goti na kifundo pembe mraba, pima kutoka chini ya kisigino hadi juu ya goti. Kwa mwanamke: 84.88, toa umri mara 0.24, ongeza kipimo mara 1.83. Kwa mwanamume: 64.19, toa umri mara 0.04, ongeza kipimo mara 2.02. Mama ana miaka 74 na goti lake ni sentimita 47. Jibu ni 153.

Pima mara mbili, na vipimo vikipishana zaidi ya nusu sentimita, rudia. Hesabu hizi zinaweza kukosea kwa sentimita kadhaa, kwa hiyo kwenye kadi ya kliniki andika pia ulipima wapi: "goti, kulia".

Kwa 153, BMI ya mama ilikuwa 19.2, ndani ya kiwango cha kawaida. Jioni ile alipokisukuma kikombe, nilikipokea nikakiweka kando.