Rangi ya kebo itakudanganya: maneno machache kwa vijana wapya wa faiba za viwandani

Wiki iliyopita nimemkuta kijana wetu anasukuma konekta ya kijani ya faiba (uzi unaopitisha mwanga) kwenye adapta ya bluu, anasukuma kwelikweli kama anafunga begi lililojaa nguo, halafu ananiambia "bro imeingia ila mwanga mdogo". Imeingia ndiyo, hata mguu wa kulia unaingia kiatu cha kushoto. Kijani ni konekta aina ya APC, ncha yake imekatwa mshazari digrii 8, bluu ni aina ya UPC, haina mshazari, ukizilazimisha zinagusana pembeni tu na unaweza ukaziharibu zote mbili. Sikumgombeza sana maana mimi nimefanya ya aibu zaidi, nitayasema hapo chini.

1. Jua umeshika faiba gani. Singo modi kiini chake, pale katikati mwanga unapopita, ni mikroni 9 hivi na mara nyingi koti ni la njano, malti modi ni 50 au 62.5, na zote hizo ganda la kioo ni mikroni 125, ndiyo maana konekta zinaingiliana vizuri tu na hakuna kitu kitakachokupigia kelele ukichanganya. Halafu kuna ile ya plastiki, nene milimita 1, inatumia mwanga mwekundu wa nanomita 650, hiyo ni ya makumi ya mita, usiniulize kama inafika kilomita. Katikati yao kuna ya 200/230 (kiini 200, ganda 230), kiini cha kioo na ganda la plastiki ngumu, utaikuta sana kwenye mitambo.

Sasa hapo kwenye 50 na 62.5 ndipo yalinikuta mimi. Nilikuwa na mwaka mmoja kazini, najiona fundi. Kuna kamba (kipande kifupi cha faiba cha kuunganishia) ilibanwa na mlango wa kabati la konveya, nikachukua nyingine kwenye boksi, ya chungwa kwa ya chungwa, nikachomeka, taa ya linki ikawaka kijani, nikaenda zangu nyumbani. Kesho yake mchana konveya ikasimama. Ikawashwa, ikaenda, ikasimama tena. Usiku inafanya kazi kama malaika, jua likipanda kabati linapata joto linki inakatika. Nikabadilisha transiva, kile kifaa cha kutuma na kupokea mwanga. Nikabadilisha na ya upande wa pili. Nikasafisha kila kitu. Mwisho nikasimama mbele ya watu nikasema tatizo ni programu ya PLC (kompyuta inayoendesha mtambo), yule mtu wa programu akakesha siku 2 anatafuta kosa ambalo halipo, na mpaka leo tukikutana ananiita "daktari wa programu".

Kibaya zaidi nilipima! Nikachukua chanzo cha mwanga, nikachomeka kamba yangu mpya, nikazero mita kwa kamba hiyohiyo, nikaenda upande wa pili nikasoma, upotevu haufiki hata desibeli 1. Nikapiga picha kioo cha mita nikarusha kwenye grupu la kazini na neno moja tu: "Kebo nzima." Siku ya 4 akaja mzee mmoja wa matengenezo, mtu wa maneno machache, akaniuliza "umepima na kutoka kule?" Nikamjibu mwanga ni mwanga mzee, ukienda vizuri utarudi vizuri. Akanitazama tu. Akapima kutoka kule: desibeli 4 na ushee, yaani zaidi ya nusu ya mwanga haifiki. Halafu akachuchumaa, akafuta vumbi kwenye ile kamba kwa kidole gumba, akaizungusha taratibu chini ya tochi mpaka maandishi yakatokea. 50/125. Kebo kuu ya ukutani, ya zamani, 62.5/125. OM1 (ndiyo ya 62.5) na OM2 (ya 50) zote kwa kawaida zinavaa chungwa!

Mwanga ukitoka kiini chembamba kuingia kinene hauna shida. Ukitoka kinene kuingia chembamba, wa pembeni wote unabaki nje. Na mimi nilizero kwa kamba ya 50, kwa hiyo ile hasara ya LED kujiminya kwenye kiini chembamba ilishatokea kabla sijaanza kuhesabu, mita ingeionaje? Joto likipanda LED nayo inapunguza mwanga, kile kidogo kilichobaki kinakata. Nilitaka ardhi ipasuke.

2. Kwa hiyo pima pande zote mbili. Basi.

3. Faiba ya plastiki ya sensa ikatwe na kikatio chake, na tundu ulilokwisha kukatia usilirudie, blade inakuwa imeshachoka. Koleo linaponda ncha halafu unakuja kulalamika sensa haioni chupa.

4. Karibu na tanuru plastiki hapana. Hapo weka fungu la nyuzi za kioo lenye koti la chuma, linavumilia joto la mamia ya digrii wakati plastiki inaanza kulegea chini ya 100. Na zile laiti gaidi za kukaushia gundi kwa UV (jina linatisha ila gaidi huyu kazi yake kupeleka mwanga tu), nyingi ndani zina kimiminika, kwa hiyo ukiikunja kona kali umeiua, na kwa nje huoni alama yoyote. Kuna mmoja aliifunga na zipu tai, akaikaza vizuri kabisa, kazi safi ya kupendeza, gundi ikagoma kukauka zamu nzima.

5. Safisha ncha kabla ya kuchomeka, hata mpya iliyotoka kwenye pakiti, vifuniko vyenyewe vina uchafu.

6. Usichungulie ndani ya faiba, mwanga wa nanomita 1310 na 1550 hauonekani kwa macho. Mwambie na yule mwenzako mbishi.

Yule wa kijani na bluu kanipigia asubuhi hii, anauliza kamba ya zambarau aliyoiokota kwenye boksi kama ni OM4, aina nyingine ya malti modi. Nikamwambia izungushe usome. Kimya kirefu. Akasema "bro, yameshafutika."