Mdomoni anajua, kwenye karatasi anashindwa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko kidato cha pili. Ukimsomea swali la Baiolojia anajibu vizuri kwa mdomo, akiandika anapata 18. Shuleni wanamwita mvivu. Nifanyeje?
Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Naomba neno “mvivu” lisisemwe tena mbele yake. Unayoeleza yanafanana na disleksia: ubongo hupata taabu kuunganisha herufi na sauti, wala si upungufu wa akili. Wengi huumbuka kidato cha kwanza, masomo yanapogeuka Kiingereza. Kiswahili humsitiri mtoto, maana “a” ni “a” popote. Lakini “though” na “tough” huandikwa karibu sawa na kutamkwa mbalimbali kabisa.

Nilifundisha kijana wa namna hiyo. Siku moja nilikaa naye nyuma ya maabara, nikamsomea maswali, akajibu, nikamwandikia. Alipata 71. Nililia, kwani muhula uliotangulia nilikuwa nimemchapa.

Kwanza apimwe macho na masikio. Kisha nenda kwa mwalimu wa taaluma na madaftari yake, uombe asomewe maswali ya majaribio, asilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake, na apewe nukuu badala ya kunakili ubaoni. Mkuu wa shule muulize mapema, kabla usajili haujafungwa, kuhusu utaratibu wa Baraza la Mitihani kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu.

Jioni msomee ukurasa mmoja tu, naye afuatishe kwa kidole.