Stempu za Ngoma Alizoacha Mjomba

SWALI: Shikamoo Mzee. Marehemu mjomba ameniachia daftari la stempu, zote za ngoma, zeze, filimbi na wachezaji. Nyingine kazibandika kwa gundi, nyingine bado ziko juu ya bahasha zilizotumwa. Nizibandue zote kwa maji? Na nizipange kwa nchi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Nakusihi, usitie kitu majini kwanza.

Bahasha yenye muhuri wa posta unaosomeka, tarehe na mji, iache nzima. Zile za daftarini jaribu moja iliyojirudia: ilowe kwenye maji ya kawaida kama robo saa, iachie yenyewe bila kuvutwa, uianike kifudifudi juu ya karatasi inayonyonya maji, kisha uikandamize chini ya kitabu kizito. Mimi niliwahi kuloweka stempu ya wachezaji wanne ikiwa bado juu ya kipande cha bahasha nyekundu. Niliporudi maji yalikuwa kama damu, na wachezaji wote nyuso zimewaiva. Ninayo mpaka leo, na bado inaniuma. Stempu za kisasa za kujibandika nyingi haziachii kwa maji. Kata karatasi kuizunguka, ukiacha ukingo ili meno, yaani vijino vya pembeni mwa stempu, yasiguswe.

Kuhusu mpangilio, mimi singepanga kwa nchi. Mwaka 1914 Erich von Hornbostel na Curt Sachs waliziweka ala za muziki katika makundi manne: zinazolia kwa mwili wake wenyewe, za ngozi iliyowambwa, za nyuzi na za pumzi. Fuata hayo, utaona mambo. Chukua seti ya 1970 ya Kenya, Uganda na Tanzania, zama zile walipokuwa na stempu za pamoja: marimba, amadinda (ya vipande vya mbao vinavyogongwa), nzomari (zumari) na adeudeu (kinubi). Mbili za kwanza zinakaa kundi la zinazolia kwa mwili wake wenyewe, nzomari inakwenda kwenye pumzi, adeudeu kwenye nyuzi. Upande wa ngozi hakuna kitu. Seti nzima ya ala za jadi, na ngoma haimo! Nilikuwa nayo miaka mingi nisilione hilo, mpaka nilipoipanga hivi.

Wachezaji wape kurasa zao: wa duara, wa safu, wa wawili wawili. Za Ulaya huenda ukakuta nyingi za 1981, maana stempu za Europa, zile ambazo nchi za Ulaya hutoa kila mwaka kwa mada moja, mwaka ule zilikuwa na mada ya mila na utamaduni wa jadi. Mwaka 2014 mada ikawa ala za muziki za kitaifa. Ukikuta wachezaji wa Morris, ngoma ya jadi ya Waingereza, wa 1981 na huoni jina la nchi, usihangaike. Ni Uingereza, iliyotangulia kutoa stempu mwaka 1840, nayo huweka kichwa cha mfalme au malkia badala ya jina. Shika kioo cha kukuzia uangalie miguu kabla ya nyuso. Mchoraji anayeijua ngoma utamtambua kwa kisigino kilichoinuka.

Jambo nililopaswa kuanza nalo: kabla hujabandua hata moja, piga picha kila ukurasa wa daftari. Mjomba alikuwa na mpangilio wake. Na palipo na mwandiko wake pembeni ya stempu, ukurasa huo usiuloweke kabisa.