Wadada, kisimi ni kikubwa kuliko tulivyofundishwa

Leo tuongee wazi, na nyie kaka zetu mnaopita hapa kimya kimya someni tu, inawahusu sana. Mimi nimechezwa unyago, kichen pati nimehudhuria nyingi, na kote huko tunafundishwa kumridhisha mume, kukata kiuno, kunukia, kujitunza, ila somo anayekuelekeza mwili wako WEWE unafikaje kileleni ni nadra mno. Mengi nimekuja kuyasoma nikiwa tayari ndani ya ndoa, na yamenisaidia kweli.

Kile kidude unachokigusa juu ya tundu la mkojo, pale mashavu madogo yanapokutana, ni kichwa tu cha kisimi. Kilichobaki chote kimejificha ndani. Mwaka 1998 daktari mpasuaji wa Australia, Helen O'Connell, alichapisha alichokiona baada ya kupasua maiti za wanawake: kuna shina, kuna miguu miwili inayoshuka kando ya mifupa ya nyonga, halafu kuna vifuko viwili vinavyoukumbatia mlango wa uke, na vyote hivyo vinajaa damu na kuvimba ukisisimka, sawasawa na uume unavyosimama, maana tukiwa tumboni mwa mama vyote vinaanza na nyama ile ile moja. Na kinachouma ni kwamba Mjerumani Georg Kobelt alishachora sehemu kubwa ya haya mwaka 1844, vitabu vikayaacha. Hata idadi ya nyuzi za neva, ile 8,000 iliyozunguka miaka yote, ilitoka kwa ng'ombe, mpaka mwaka 2022 watafiti wa Oregon kule Marekani walipopima kwa binadamu wakapata zaidi ya 10,000. Yaani hata kutuhesabu sisi wenyewe watu hawakuhangaika!

Sasa Sigmund Freud, yule daktari maarufu wa mambo ya akili wa Austria, mwaka 1905 alishasema mwanamke aliyekomaa anatakiwa kuhamisha utamu kutoka kwenye kisimi kwenda ukeni, na hiyo imani bado iko vitandani mwetu, mwanamke asipofika kwa kuingiziwa tu anajiona ana kasoro. Huna kasoro dada. Kuna utafiti wa wanawake zaidi ya elfu moja wa Marekani, waliosema kuingiziwa peke yake kunawatosha hawakufika hata mmoja kwa kila watano, wengi wanataka kisimi kiguswe. Wahaya wa Bukoba na katerero yao, ule mtindo wa kukigongagonga kisimi kwa uume, walishalielewa hili bila maabara.

Kwa hiyo mwambie mwenzako. Usimwambie katikati ya tendo, atajisikia vibaya, mwambie mkiwa mmekaa vizuri mnapiga stori, halafu siku ikifika mshike mkono umwelekeze. Na wewe ujijue kwanza, chukua kioo ujiangalie. Damu inahitaji muda kujaa huko ndani, msikimbilie kuingia, na ulainishaji ukiwa mdogo tumieni kilainishi, sio dalili kwamba humpendi. Kaka, hapa nisikilize vizuri: akikaribia kufika kile kichwa kinarudi ndani ya ngozi yake, usidhani kimepotea ukaanza kutafuta kwingine au kuongeza kasi, endelea VILE VILE ulivyokuwa unafanya. Wengi tunakatishwa hapo hapo.

Kuigiza kelele acheni jamani, anajifunza njia isiyokufikisha na ataifuata miaka yote.

Kwa dada zangu mliokeketwa, mjue kilichokatwa ni sehemu ya nje, sehemu kubwa ya ndani huwa imebaki, na wapo waliokeketwa wanaofika kileleni. Muda, upole na mtu unayemwamini vinasaidia sana. Na kama ulikuwa unafika ukaacha ghafla, angalia dawa unazotumia, baadhi ya dawa za sonona zinachelewesha au kuzuia kabisa, usiache mwenyewe ila muulize aliyekuandikia. Tendo likiwa linauma nenda kwa daktari wa wanawake, na akikwambia vumilia ni kawaida, tafuta mwingine.