Begi linanuka uvundo: maswali yenu na majibu

Masika yakiisha tu watu wanaanza kutoa mabegi ya safari uvunguni na juu ya makabati, na maswali ni yale yale. Nimechukua haya, mengine yanafanana.

Nina sanduku la kitambaa, lile la magurudumu, lilikaa uvunguni toka mwaka jana. Nimelifua, nimepuliza pafyumu, nikilifunga siku mbili harufu inarudi. Mama wa Kigamboni

Pole mama. Pafyumu iache kwanza, maana hapo unaweka harufu juu ya harufu na chanzo bado kipo ndani kinaendelea na kazi. Hicho chanzo ni koga, ile kuvu inayoota palipo na unyevu, inakula vumbi na jasho lililoingia kwenye kitambaa na hata gundi ya kadibodi, na hewa inayotoa ndo hiyo unayoisikia ukifungua zipu. Ulipofua ukaongeza maji kwenye sponji na kadibodi za nyuma ya bitana, juu pakakauka ndani pakabaki na maji, ndo maana siku mbili tu harufu imerudi.

Sasa fanya hivi. Angalia ndani ya sanduku, masanduku mengi bitana yake ina zipu yake, imejificha kwenye mshono au chini kule, wengi wanakaa na sanduku miaka hawajawahi kuifungua. Ifungue uingize mkono, utashika vile vyuma viwili vya mpini na ile kadibodi ya mgongoni, na mara nyingi hapo ndo kuna ubaridi wa unyevu na vidoa vyeusi. Toa vumbi lote kwa brashi kavu, ila fanyia nje na uvae barakoa, na mwenye pumu akae mbali kabisa. Kisha chukua siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, chovya kitambaa, kamua mpaka kisidondoke, futa bitana pande zote mbili na kadibodi yenyewe. Usimwage maji tena! Lianike juani limeachama, zipu zote wazi, kuanzia saa nne asubuhi, na uliingize ndani kabla ya magharibi kwasababu umande wa usiku unarudisha yote uliyofanya. Likishakauka kweli kweli nyunyiza bekingi soda ndani, liache mpaka kesho yake, kung'uta na upige brashi. Kama bado kuna harufu kidogo rudia, kazi hii haiishi kwa siku moja.

Bekingi soda ndo yenyewe, siyo hamira wala yale magadi ya kuchemshia maharage, magadi yanaweza kuacha madoa. Na tafadhali sana, Jik na siki visikutane hata kidogo, vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu. Watu wanachanganya wakidhani wanaongeza nguvu.

Begi la ngozi la marehemu mume wangu limeota ukungu mweupe juu. Nilianike juani? Bibi wa Pangani

Shikamoo bibi. Hapana, jua kali litaikausha ngozi mpaka ipasuke, na begi kama hilo hupati jingine. Mpe mjukuu alifanyie nje, aondoe ule ukungu kwa brashi laini kavu, halafu achukue spiriti kidogo aichanganye na maji, alowanishe kitambaa tu na afute taratibu, ila aanze kujaribu sehemu isiyoonekana maana ngozi nyingine inatoa rangi. Ndani jazeni magazeti yaliyofinyangwa, yabadilishwe kila siku kwasababu yanavuta unyevu, na begi likae kivulini penye upepo. Likikauka lipakwe mafuta ya ngozi au kiwi ya viatu ya rangi yake. Mafuta ya nazi msipake, yanaingia ndani yanachacha mnapata harufu nyingine.

Nilitoka Unguja na papa mkavu kwenye begi, alifungwa vizuri lakini begi linanuka mpaka leo. Bekingi soda haikusaidia. Msomaji, Muscat

Haikusaidia kwasababu harufu ya samaki siyo koga. Inatokana na kemikali ambazo kinachozituliza ni kitu chenye asidi, na bekingi soda haina asidi. Hapo dawa ni siki au ndimu. Futa kwa siki na maji, zaidi kwenye mishono na kwenye meno ya zipu maana mafuta ya samaki yanang'ang'ania hapo, halafu futa kwa maji ya sabuni, halafu anika. Na jua la huko kwenu linatosha kabisa.

Kwani kufukiza udi hakutoshi?

Fukiza, lakini begi likishakuwa kavu na safi. Na chetezo kisiwekwe ndani ya begi, bitana ya nailoni inayeyuka kwa cheche moja tu.

Tranka langu la shule nilikuwa naweka zile nafthalini nyeupe za kufukuza wadudu, sasa nataka nihifadhie nguo za mtoto wangu mtarajiwa. Naongeza nyingine? Msomaji, Tanga

Usiongeze, na hizo zilizomo zitoe leo. Hili naomba mlisome wote wenye wachanga. Kuna watoto wanazaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinaitwa G6PD, kile kinacholinda chembe nyekundu za damu, upo zaidi sehemu zenye historia ya malaria na sisi tumo, na mtoto wa hivo akivuta ile harufu au akivalishwa nguo zilizokaa na nafthalini, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka, anapata manjano na upungufu wa damu. Wengi hawajui kama mtoto wao anao. Nguo hizo weka kwingine kabisa, na zilizowahi kukaa humo usimvalishe mchanga. Ukimwona mtoto macho yamekuwa ya njano au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, hospitali saa hiyo hiyo.

Nimenunua begi la mtumba, zuri, ila lina harufu.

Kabla ya harufu angalia kunguni. Washa tochi, pita kwenye mishono na chini ya magurudumu, ukiona vidoa vyeusi vidogo au maganda, begi lisiingie chumbani. Likiwa salama fuata yale ya mama wa Kigamboni.

Likishapona nalihifadhi vipi? Nakaa Mombasa, unyevu mwaka mzima.

Koga inapenda hewa yenye unyevu wa asilimia 70 kwenda juu, na pwani tunafika huko mara nyingi tu, kwahiyo usilifunge. Zipu iache wazi kidogo, lisigusane na ukuta wala sakafu, na usilivike mfuko wa plastiki. Chumvi wengine wanaweka, mi siipendi, ikishavuta unyevu inageuka maji na zipu zinashika kutu. Weka vile vipakiti vya punje vinavyokuja na viatu vipya, vimeandikwa usile, hata vitano sita. Ukipata zile punje za bluu ni bora zaidi, zikigeuka waridi ujue zimeshajaa unyevu, zitoe uzikaushe kwenye oveni kwa moto mdogo mpaka zirudi bluu, halafu zirudishe begini.